Bagamoyo kwenda na kurudi siku moja? Mzazi, piga hesabu kwanza

Barua zimeanza kutoka shuleni. Shule imeandaa ziara ya kimasomo ya siku moja kwenda mji wa kihistoria wa Bagamoyo. Chini kuna kiasi cha kulipa, tarehe ya mwisho na mstari wa sahihi ya mzazi. Mtoto amekusimamia na kalamu mkononi, kwa sababu ameshaambiwa asiyerudisha barua kesho haendi.

Usitie sahihi bado. Kutoka Moshi hadi Bagamoyo, kwa kupitia Same, Korogwe na kukatia Msata, ni karibu kilomita 500. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ni 50. Na njia ile makazi hayaishi: Himo, Mwanga, Same, Hedaru, Mombo, Korogwe, Segera, Mkata. Dereva anayetii sheria, akisimama watoto wajisaidie na wanywe chai, atatumia saa nane au tisa. Kwenda na kurudi ni saa 16 hadi 18. Siku ina saa 24. Zinazobaki ndizo za kuuona mji, kula, na kulala kama kuna atakayelala.

Ndiyo maana ziara hizi huondoka saa sita usiku na kurudi usiku wa pili. Watoto watasinzia kwenye viti, hilo si tatizo. Swali ni la dereva. Kama ni yule yule aliyewapeleka, basi anaporudi na kuifikia Same usiku huo ana karibu siku nzima hajalala.

Sisi wa Kaskazini hatuhitaji kukumbushwa sana. Mei 6, 2017, basi dogo la shule ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Safari ile ilikuwa ya asubuhi, na haikuwa ya mbali kama hii. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema. Mzazi anayeuliza kama gari limekaguliwa na askari wa usalama barabarani, kama kila mtoto ana kiti chake chenye mkanda, na kama kuna dereva wa pili, asionekane mkorofi. Mwalimu mkuu mzuri atakuwa na majibu kabla hujamaliza swali. Akikujibu "Baba Neema, tumeshafanya hivi miaka yote," bado hujajibiwa.

Siupingi mji wenyewe. Bagamoyo ni mahali ambapo mtoto wa darasa la sita anapaswa kufika. Vitabu vyake vinamwambia habari za misafara ya pembe na watumwa, na pale kuna Caravan Serai, kuna Boma la Wajerumani, kuna misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanza mwaka 1868. Hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka ndani kabisa ya bara. Kaole, nje kidogo ya mji, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13. Ukiyapita hayo yote kwa saa tatu, macho mekundu, mwalimu anapiga filimbi mpande gari, unarudi na picha za kwenye simu tu.

Tena mji ule una habari yetu sisi. Mapadri walioanzisha misheni ya Kilema, hapa mlimani, mwanzoni mwa miaka ya 1890 walitoka Bagamoyo. Hao ndio wanaotajwa kuwa walileta kahawa kwa Wachaga. Mtoto anayeokota buni kwa bibi yake Kilema au Marangu anaweza kuambiwa hilo chini ya mgomba, bila nauli, kisha akaenda Bagamoyo akijua anafuata nini. Kwa hiyo rai yangu kwa shule ni hii: Bagamoyo iwe ya siku tatu, kwa kulala, kwa kuchangwa kidogo kidogo tangu Januari. Na ile ziara ya siku moja iwepo pia, lakini iende pale siku moja inapotosha.

Old Moshi inatosha. Kutoka mjini ni kama kilomita 10 tu za kupanda. Huko ndiko Moshi ilikoanzia. Mji huu wa chini tunaouona ulikua baada ya reli kutoka Tanga kufika, mwaka 1912. Juu kule aliishi Mangi Rindi, kisha mwanawe Meli, ambaye mwaka 1892 watu wake waliwashinda Wajerumani vitani. Wajerumani walirudi mwaka uliofuata na nguvu kubwa zaidi. Machi 2, 1900 wakamnyonga Meli na viongozi wengine, kwenye mti ulioko Tsuduni. Kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walilinganisha vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro na vya watu walio hai huku. Baadhi ya mafuvu yalipata ndugu zake. La Meli halikupatikana.

Watoto wetu, kwao Mangi ni mwenye duka. "Nenda kwa Mangi ulete sukari." Wasimame chini ya mti ule waone ni nani aliyeitwa hivyo kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo barua haliandiki. Ziara ya mbali ina watoto wanaobaki. Siku ya safari wanakuja shule, wanakaa darasani kumi na wawili, hakuna anayewafundisha, na Jumatatu wenzao wanasimulia bahari. Mzazi wa mtoto huyo hatasimama kikaoni kusema hana hela. Ziara ya Old Moshi inaweza kuchukua darasa zima, hata waliokuwa hawajamaliza ada, na chakula kikafungwa nyumbani.

Kwa hiyo barua irudi shuleni na maswali nyuma yake. Na kwenye kikao cha wazazi, ombeni ziara iwekwe kwenye ajenda kabla ya "mengineyo", maana tunajuana: mengineyo hufika akina mama wameshabeba mikoba na akina baba wako nje kwenye pikipiki.