Mtoto wa Chekechea na Mazoezi ya Yoga

Ndugu wazazi, mtoto akirudi kutoka chekechea na kusema kwamba leo mwalimu kawafundisha yoga, wengi wetu tutashtuka. Baadhi watauliza kama hiyo si dini ya watu wengine. Baadhi watalalamika kwamba ada yao inaliwa na michezo badala ya masomo. Naanza na lalamiko hili la pili, maana ndilo linalowaumiza watoto zaidi.

Tazameni siku ya mtoto wa miaka minne. Anaamshwa alfajiri, anaketishwa kwenye benchi ambalo miguu yake inaning'inia bila kugusa sakafu, anaandika a, e, i, o, u mpaka mchana, na jioni ana kazi ya nyumbani. Akijinyoosha anaitwa mtundu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne acheze na kuutumia mwili wake kwa jumla ya dakika 180 kila siku, zikiwamo 60 za kumfanya aheme, na asikalishwe zaidi ya saa moja mfululizo. Sisi twaipima chekechea kwa wingi wa kurasa zilizojaa daftarini, na mwalimu hufuata anachotaka mwenye kulipa.

Yoga haiwezi kujaza dakika hizo zote, wala isichukue nafasi ya kukimbia, rede na kuruka kamba. Lakini dakika kumi za kujinyoosha katikati ya masomo hukata ule ukaaji mrefu, tena hazihitaji vifaa wala uwanja. Watoto husimama kwa mguu mmoja kama mti. Hupiga magoti na kuweka viganja chini, kisha huinua mgongo kama paka. Hulala kifudifudi na kuinua kifua kama nyoka. Kwao huo ni mchezo, kumbe wanajifunza kuumudu mwili. Mtoto wa miaka mitano kwa kawaida aweza kusimama kwa mguu mmoja kiasi cha sekunde 10. Wa miaka mitatu huyumba mara moja. Mabega na viganja vilivyozoea kuubeba mwili ndivyo vitakavyoshika kalamu. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi walikuwa wakisema juu ya tabia, ila hata viungo vyasikia methali hiyo.

Faida ninayoithamini kuliko zote ni ya pumzi. Mtoto alale chali, awekewe kidoli juu ya tumbo, akitazame kikipanda na kushuka. Anapotoa pumzi polepole, mapigo ya moyo hupungua na mwili hutulia. Kila siku twawaambia watoto "tulia!", lakini ni nani aliyewaonyesha namna ya kutulia? Hata hivyo nisimwahidi mzazi makubwa: tafiti nyingi za yoga kwa watoto wadogo zimehusu watoto wachache, na hakuna mkao utakaomfanya mtoto ajue hesabu bila kufundishwa.

Sasa swali la imani. Yoga imetoka India, na huko ni njia ya kiroho, si mazoezi ya viungo tu. Mwenye kulificha hilo hawatendei haki wazazi. Barua ya Vatikano juu ya sala ya Kikristo ya tarehe 15 Oktoba 1989, iliyotiwa sahihi na Kardinali Ratzinger, haikupiga marufuku mazoezi ya mwili. Ilionya kwamba utulivu unaotokana nayo usidhaniwe kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Kwa mtoto wa chekechea naona mstari uko wazi: kunyoosha mgongo na kupumua ni afya, lakini kuimba maneno ya ibada asiyoyaelewa hakufai. Huko Alabama, Marekani, yoga ilikatazwa katika shule za umma tangu mwaka 1993. Mwaka 2021 sheria iliiruhusu tena, chekechea zikiwamo, kwa sharti kwamba kusiwe na nyimbo za ibada, mikao itajwe kwa Kiingereza, na mzazi atoe kibali. Sharti la kibali lanipendeza. Nasi twaweza kumwendea mwalimu kwa adabu na kumwomba atuonyeshe anachofundisha, kabla ya kumtoa mtoto shuleni.

Tukiwa huko tuangalie na usalama. Mtoto mdogo asisimame kwa kichwa, kwa ajili ya shingo yake. Asiambiwe azuie pumzi. Mwalimu asimkandamize mgongo ili apinde zaidi. Mwili ukikataa, basi. Mazoezi yasifanywe mara tu baada ya uji. Mzazi wa mtoto mwenye pumu, kifafa au selimundu amwone daktari kwanza, kisha amweleze mwalimu, ili mtoto huyo anapoomba kupumzika au maji asiambiwe kuwa ni mvivu.