Mwalimu Aliyeshindwa na Darasa

Katika Uingereza, zamani wenye baa wengi hawakuwa huru. Nyumba ilikuwa mali ya kiwanda cha bia, na mpangaji alilazimika kununua bia ya kiwanda hicho, kwa bei aliyopangiwa. Mkulima aliyefungwa kwa mnunuzi mmoja ataifahamu hali hiyo bila ya kuelezwa.

Mwaka 1979 Tim Martin, kijana aliyesomea sheria, alinunua baa ndogo huko Muswell Hill, kaskazini mwa London. Baa hiyo haikufungwa na kiwanda chochote, basi aliweza kujichagulia bia na kuiuza kwa bei nafuu. Baadaye aliiita J D Wetherspoon. Wetherspoon alikuwa mwalimu wake wa zamani katika New Zealand, aliyeshindwa kutuliza darasa; na Martin alisema kwamba naye alijiona ameshindwa kuitawala baa yake.

Hata hivyo biashara ilikua. Martin alitafuta majengo makubwa yaliyoachwa, kama vile benki, posta na sinema, akayageuza kuwa baa. Katika nyingi hakuruhusu muziki, ili watu wapate kuzungumza. Mwaka 1989 serikali ilitoa amri ya kupunguza nguvu za viwanda vikubwa vilivyomiliki zaidi ya baa 2,000, na baa nyingi zikauzwa. Mwaka 1992 hisa za kampuni yake ziliingia katika soko la London. Hatimaye baa zake zilipita 900.

Lakini ukubwa una mashaka yake. Mwezi wa Machi 2020 serikali ilifunga baa zote kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na faida ikageuka hasara. Katika miaka iliyofuata nyingine ziliuzwa, zikabaki kama 800. Tena wenye baa ndogo hulalamika kwamba hawawezi kushindana na bei zake. Aliyeanza kwa kukwepa nguvu za wakubwa, leo ndiye mkubwa anayeogopwa na wadogo.

Anayetaka kufungua duka au hoteli, kabla ya kupaka rangi ukuta na kuandika jina mlangoni, na aulize kwanza kama atakuwa na hiari ya kuchagua mahali pa kununua bidhaa zake. Asiye na hiari hiyo ni mtumishi wa mwingine, ijapokuwa funguo za duka zimo mfukoni mwake.