Sarafu Iliyofunuliwa na Mvua



Asubuhi moja ya mwezi wa Novemba, baada ya mvua kubwa ya usiku, mwanafunzi mmoja wa hapa Miti alituletea sarafu yenye tundu katikati. Maji yalikuwa yameukokota udongo wa shamba la nyanya yake, nayo ikabaki wazi njiani. Tuliisugua kwa majivu, ndipo ikaonekana nyota, na mwaka 1911, na thamani yake, santimu 10. Ni fedha ya Kongo ya Wabelgiji. Tundu lile lilimwezesha mtu kutunga sarafu zake katika uzi, zisipotee.

Habari ikaenea upesi. Kabla ya Jumapili tulisikia ya kuwa mgeni mmoja anawaahidia watu mashine isikiayo mali chini ya ardhi: kila mmoja atoe mchango, nao watachimbua hazina ya Wabelgiji. Baba mmoja alikuwa amekwisha kuuza mbuzi aliyewekwa kwa karo ya mtoto wake. Hilo ndilo lililotushurutisha kuandika.

Hatusemi kwamba mashine hiyo ni uongo. Ipo, na kazi yake yaeleweka. Ni fimbo yenye duara la waya chini yake. Umeme ukipita katika waya huamsha nguvu za sumaku. Nguvu hizo zikikuta chuma, shaba au dhahabu, huamsha humo umeme mdogo, na mashine huutambua, ikalia. Wakati wa vita, mwaka 1941, afisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, alitengeneza namna ya kubebwa mkononi, ili askari wayajue mabomu yaliyofukiwa. Leo Waingereza wengi huitumia kutafuta sarafu za kale, hasa miezi ya baridi, kwani mavuno yamekwisha kuondolewa na mashamba yako wazi. Huvaa makoti mazito, wakavumilia mvua na upepo siku nzima, na mara nyingi hurudi nyumbani na misumari mitupu.

Lakini mmoja wao atufundishe. Tarehe 16 Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, Eric Lawes alikwenda kutafuta nyundo ambayo rafiki yake mkulima aliipoteza shambani. Mashine ikalia, akaanza kuokota sarafu za dhahabu na vijiko vya fedha. Je, alijaza magunia usiku akakimbia? La. Alipoona ukubwa wa jambo aliacha kuchimba, akatoa habari. Watu wa elimu wakaja, wakafukua polepole, wakaona jinsi vitu vilivyopangwa ndani ya sanduku lililooza. Sarafu za Kirumi zilikuwa karibu 15,000. Lawes alilipwa paundi 1,750,000, akagawana na yule mkulima. Hata nyundo ilionekana.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya Wazungu tu. Huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo mno, zenye majina ya watawala wa pwani. Zilitujulisha ya kuwa Waafrika wa pwani walipiga fedha yao wenyewe karibu miaka 1,000 iliyopita. Kama zingaliuzwa moja moja sokoni, nani angalilijua jambo hilo? Sarafu iliyong'olewa mahali pake kwa siri ni kama shahidi aliyekatwa ulimi.

Tena mashine husikia madini tu. Zamani, kabla ya santimu na franka, watu wa kando ya ziwa Kivu walinunua na kuuza kwa vikuku vya nyuzi viitwavyo butega. Udongo umevila vikuku hivyo. Mashine itapita juu ya mahali pale, nayo isiseme neno. Hazina hiyo imo vinywani mwa wazee. Enyi wanafunzi, waulizeni wangali hai.

Liko na jambo la kuogopesha. Tangu vita vya mwaka 1996 na vile vilivyofuata, risasi na mabomu yamebaki katika ardhi ya Kivu. Mashine haina akili: yaililia sarafu, na bomu vile vile. Wazazi, wakanyeni watoto. Mvua ikifunua chuma kisichojulikana, wasikiguse wala wasikitupie mawe. Wakumbuke mahali, warudi kwa njia waliyoijia, wawaambie wakubwa. Na mkivumbua kitu cha kale, toeni habari kwa wakuu, kwani Kongo inayo sheria ya mwaka 1971 ya kulinda mali ya utamaduni.

Mgeni yule, tumeambiwa, huwatajia watu mfano wa Injili, habari za mtu aliyeuza vyote kwa ajili ya hazina iliyofichwa shambani. Na ausome vema! Mtu yule aliiona hazina kwanza, ndipo akauza; na alipouza, alilinunua shamba. Hawa wanauza kabla ya kuona, tena wanataka kuchimba shamba la mwingine.

Sarafu tulimrudishia nyanya. Aliishika kitambo, akasimulia jinsi marehemu baba yake alivyopokea sarafu za namna ile kwa kazi ya barabara, na jinsi alivyozihesabu kwa vidole gizani. Mjukuu wake hakuwa amewahi kusikia habari hiyo.

Nawe baba wa yule mbuzi, twajua kwamba fedha yake ingali mfukoni mwako. Ilete shuleni kesho. Huko twajua hakika kwamba iko hazina, kwani ameketi bancini, wa tatu kutoka mlangoni.