Mwambie mtoto ukweli (sehemu ya 4): Bendi iliyoitwa Kifo

Mama zangu, baada ya sehemu ya 3 inboksi imejaa. Wengi mnasema: "Nesi, mtoto wa miaka mitano unamwambiaje baba amekufa? Bora tuseme kasafiri." Leo nawajibu kwa muziki, tena panki, ule wa magitaa ya kelele. Nivumilieni.

Detroit, Marekani, miaka ya sabini. Ndugu watatu weusi, David, Bobby na Dannis Hackney, wanapiga muziki nyumbani kwao chumbani. Baba yao akafa ajalini. David, aliyekuwa mkubwa kati ya hao watatu, akaamua bendi iitwe Death, yaani Kifo. Haukuwa utani, wala mambo ya kishetani kama mnavyopenda kusema. Alitaka neno lililomwangukia nyumbani alitaje kwa mdomo wake mwenyewe, lisibaki kuwa la kutisha tu.

Mwaka 1975 wakaingia studio ya United Sound. Zilipangwa nyimbo 12. Bosi mkubwa wa muziki, Clive Davis, alikuwa akiwasaidia, lakini akataka jina libadilishwe. David akakataa. Msaada ukakatika, nyimbo zikaishia 7. Mwaka uliofuata wakatoa santuri kwa nguvu zao, nakala 500 tu, yenye "Politicians in My Eyes" na "Keep on Knocking". Haikufika mbali. Kanda zikaishia darini.

Sasa zisikilize. Albamu nzima haifiki nusu saa. Dannis anapiga ngoma kama mtu anayekimbizwa, gita la David linakata, Bobby anaimba huku akipiga besi. Halafu inakuja "Let the World Turn", inaanza taratibu kabisa, karibu ya kubembeleza, kabla ngoma hazijalipuka. Hawa vijana wamerekodi kabla bendi ya Ramones haijatoa albamu yake ya kwanza, 1976! Wakati ule huko Detroit watu walitegemea vijana weusi wapige soul na funk. (Sauti punguza lakini, sikio la mtoto siyo spika ya daladala.)

Najua mtakachosema: jina lile lilikuwa mkosi, si unaona David alikufa mwaka 2000 bila kuona mafanikio? Alikufa kwa saratani ya mapafu. Mapafu hayasomi majina ya bendi, jamani.

Yule bosi namwelewa, alikuwa anafanya biashara. Wewe mama unauza nini? Mtoto anasema "baba amekufa", shangazi anamziba mdomo: usiseme hivyo, sema kasafiri. Ni sharti lilelile la kubadilisha jina! Wodini nawaona watoto wa aina hii. Kila mlango ukifunguliwa anageuka kuangalia, maana msafiri hurudi. Ukimwambia "amelala" ndo umeharibu zaidi, usiku atagoma kulala.

Na ukimya unarithiwa. Watoto wa kiume wa Bobby walikua bila kujua kwamba baba yao aliwahi kuwa kwenye bendi ile. Walikuja kuisikia nje, kwa watu wengine, nyumbani haikusemwa. Walipojua, wakaunda bendi yao, Rough Francis, wakaanza kupiga nyimbo zile za kina baba. Mwaka 2009 kampuni ya Drag City ikatoa zote 7 kwenye albamu, "...For the Whole World to See". Miaka 34 kwa sababu ya neno moja ambalo watu wazima waliliogopa.

Kwa hiyo leo jioni, kama una mtoto anayesubiri msafiri, kaa naye chini. Mwambie: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, haumwi, hatarudi. Siyo kosa lako." Hilo la mwisho usiliruke, wengi wanadhani utundu wao ndio umeua. Atauliza tena kesho, na keshokutwa, mjibu vilevile. Akitaka kupiga sufuria kama ngoma, mwache apige.

Sehemu ya 5 Jumapili: mtoto akikuuliza kama baba anasikia baridi kaburini.