Tunachoongeza na Tunachoficha Kwenye Wasifu

Tarehe 28 Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli wa Tanzania alikabidhiwa taarifa ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa umeanza Oktoba 2016, vyeti vikilinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi, lakini baadhi ya hawa walikuwa wameitembea miaka mingi.

Wapo waliowatetea. Kama muuguzi amezalisha kina mama miaka ishirini, walihoji, cheti cha kidato cha nne kina kazi gani tena? Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 2022 Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliamua kuwarejeshea michango waliyokatwa ya hifadhi ya jamii, maana jasho lao lilikuwa la kweli hata kama karatasi ilikuwa ya uongo. Ajira haikurudi, na haikupaswa kurudi. Nafasi ile ilikuwa na mwenyewe: yule aliyefaulu kwa haki akaambiwa nafasi zimejaa.

Cheti angalau kina pa kuhakikiwa. Kenya nako, Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kubaini vyeti bandia 2,067. Wasifu hauna baraza lake. Nani ataulizwa kama kweli mwombaji alisimamia mradi, au alibeba tu mafaili ya msimamizi? Uongo umehamia huko. Mafunzo kwa vitendo ya wiki nane yanageuka ajira ya mwaka mzima. Anayejua kufungua Excel tu anajiandika mtaalamu wa takwimu. Mdhamini anatajwa kuwa meneja wa zamani, kumbe ni mjomba, naye ameshafundishwa la kujibu simu ikipigwa.

Waajiri nao wana sehemu yao. Tangazo linalomtaka mhitimu wa juzi awe na uzoefu wa miaka mitatu, kwa mshahara wa anayeanza, linamwalika aseme uongo. Simtakasi mwongo. Nasema tu kwamba anayeweka sharti ambalo kazi yenyewe haihitaji, naye ameandika tangazo lisilo la kweli.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba wasifu huo huo unaoongeza yasiyokuwepo huficha yaliyokuwepo. Kijana amekaa miaka miwili kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu, kila jioni akilinganisha floti na taslimu, na pesa ikipungua anailipa mwenyewe. Haandiki. Anaona hiyo si kazi, ni kubangaiza. Badala yake anajipachika uhasibu msaidizi katika ofisi ambayo hajawahi kukanyaga. Mwenzake ameuza dukani kwa shangazi yake tangu akiwa sekondari, anajua kumdai mteja deni bila kumpoteza. Hilo nalo halimo. Tumewafundisha vijana kuona haya kwa kazi walizozifanya, kisha tunashangaa wakijisifia wasizozifanya.

Kujipamba hakukatazwi. Mtu huchagua lipi litangulie na lipi lifupishwe, kama mgeni anavyochagua nguo ya kwenda nayo kwa watu. Kipimo changu ni kimoja: je, mstari huu unaweza kuusimulia dakika tano mbele ya jopo la usaili? Ulianzaje, ulikosea wapi, nani alikurekebisha? Aliyefanya kazi hukumbuka hata makosa yake; aliyeitunga hukumbuka mafanikio tu. Msaili mwerevu huuliza kuhusu makosa.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huonya kuwa atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Onyo hilo libaki, na litekelezwe. Lakini adhabu peke yake haitoshi. Kwa nafasi za wanaoanza, mwajiri aondoe sharti la miaka mitatu, aweke jaribio la nusu saa: mpe mwombaji daftari la mauzo lenye makosa, uone kama atayaona. Aliyelala na hesabu za kibandani atayaona.

Nawe uliyesimama steshenari ukisubiri wasifu wako utoke kwenye printa, usilipie bado. Futa mstari usioweza kuusimulia, na mahali pake andika kile kibanda.