Ukianza Leo, Wachana na Uno

Wasee, hili swali limejaa inboksi yangu kwa hivyo nalijibu hapa mara moja. Hapana, usinunue Arduino Uno kwa mradi mpya. Nunua ESP32. Lakini kama Uno yako iko kazini na haijakusumbua, usiing'oe ati kwa sababu umesoma posti yangu.

Najua hapa kuna watu Uno imewalea na watanijia juu. Heshima yake iko. Lakini tuongee namba. Uno ilitoka 2010, na chipu yake, ATmega328P, ni ya biti 8, megahezi 16, kilobaiti 32 za kuweka programu na kilobaiti 2 za RAM. Mbili! Mesiji moja ndefu ya mjomba kwa grupu ya familia inaijaza. ESP32 ilitoka 2016: biti 32, kora mbili za hadi megahezi 240, kilobaiti 520 za RAM, na Wi-Fi na Bluetooth ziko ndani tayari. Zunguka Luthuli Avenue uulize bei. Uno orijino ni ghali kuliko ESP32 ya kawaida, na hata ukichukua kopi, hujaokoa pesa ya maana.

Halafu mtu ananunua Uno, anagundua anataka Wi-Fi, anarudi dukani kuongeza moduli ya ESP8266. Buda, hiyo moduli yenyewe ni mikrokontrola ya biti 32 inayokimbia megahezi 80. Umechukua kijana mwenye nguvu ukamwajiri kumbebea babu simu.

Wanaobisha wanasema lazima uanze na Uno ndio ujue msingi. Hiyo siikubali. Nilipokuwa bado chuo, miradi ilikuwa lazima Uno kwa sababu karatasi za maabara ziliandikwa hivyo na hakuna aliyetaka kuziandika upya. Tukaita hiyo msingi. Kitu moja nawapa: Uno inasamehe. Inatumia volti 5, inavumilia kuguswa vibaya, na zile za chipu ndefu ya miguu 28 ukiichoma unang'oa unaweka ingine. ESP32 ni ya volti 3.3 na pini zake hazitaki volti 5. Sensa ya umbali kama HC-SR04 inarudisha 5, kwa hivyo weka rezista mbili katikati zishushe. Si kazi ngumu, lakini lazima ujue.

Sasa wale wa kubadilisha kitu kilicho kazini. Chukua inkubeta ya kuku, maana wengi wenu mnaziunda na kuuza. Mteja anataka kuona joto kwa simu, nawe unafikiria utachomoa Uno, uweke ESP32, ukopi programu, umemaliza. Hapo ndipo mayai ya mtu yanaharibika. Ni siku 21 kwenye nyuzi karibu 37.5, na kuku haulizi kama ulikuwa unajaribu chipu mpya.

Anza na kusoma joto. Kwa Uno, analogRead inafika 1023. Kwa ESP32 inafika 4095. Kama unatumia themista na hesabu zako ni za zamani, mashine itasoma joto ambalo haliko na itawasha hita au kuizima kwa uongo. Mimi ningehamia DS18B20, inatoa namba ya kidijitali na inakubali volti 3.3. Halafu relei. Zile za bluu tunazonunua nyingi ni za volti 5, na zingine zikipewa ishara ya 3.3 zinabaki nusunusu: unaiambia zima, haizimi. Mteja anapata mayai boilo bila kachumbari. Hata pini si chagua yoyote. 34 hadi 39 ni za kusoma tu, na 5, 14 na 15 hutoa ishara zao wenyewe bodi ikiwaka, kwa hivyo usifunge hita hapo.

Lakini ile inaniuma zaidi iko kwa karibu kila video ya mafunzo: programu inaanza kwa kuzunguka hapo hapo mpaka Wi-Fi ishike, ndio iendelee na kazi ingine. Mezani kwako itashika kila siku. Kwa mteja, stima inapotea usiku, inarudi, rauta imekwama au mtoto alibadilisha paswadi. ESP32 inakaa inangoja Wi-Fi na hita haina mtu. Uno haikuwahi kuwa na hii shida kwa sababu haikujua Wi-Fi ni nini. Joto lisimamiwe kwanza, mtandao ujaribiwe pembeni, ukikosa ukose. Kora mbili unazo, na washa watchdog ndio programu ikiganda bodi ijiwashe upya.

Kabla ya kuingiza hata yai moja, acha ESP32 iendeshe inkubeta tupu siku tatu, nne. Weka ndani kipimajoto kingine cha kawaida. Zima rauta makusudi. Chomoa stima, rudisha, chomoa tena. Na Uno ya zamani usiiuze bado, ifunge kwa sensa yake yenyewe hapo kando iandike joto, uone kama hizo mbili zinakubaliana.