Rangi Juu ya Kutu

Katika kazi ambazo watu wenye nafasi kidogo na subira nyingi hupenda kuzifanya majumbani mwao huko Ulaya, iko hii ya kununua gari dogo kuukuu lililoliwa na kutu, kulisukuma mpaka ndani ya banda la nyumba, na kulishughulikia jioni baada ya jioni, Jumamosi baada ya Jumamosi, hata liweze kutoka tena barabarani. Wako wanaoicheka kazi hiyo, na wako wanaoisifu. Makundi yote mawili hukosea mahali pamoja, maana yote huitazama rangi. Achekaye huona rangi iliyochujuka akadhani gari limekufa. Asifuye huona rangi mpya inayong'aa akadhani gari limefufuka. Chuma kilicho chini ya rangi hakiulizwi na mtu, na huko ndiko gari linakoishi au linakofia.

Kwa hiyo yafaa jambo hili lisemwe waziwazi, ingawa litawachoma baadhi ya wapenzi wa magari ya kale: mtu apakaye rangi juu ya kutu hakufufua kitu, amepamba. Kiswahili hakina haya katika neno hili. Bibi arusi hupambwa, na maiti hupambwa pia.

Mfano bora wa magari hayo ni Golf ya kwanza ya Volkswagen, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, umbo lake likiwa limechorwa na Mwitalia Giorgetto Giugiaro. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ya Wolfsburg ilikuwa imeliegemea gari moja, lile la mgongo wa mviringo lililoitwa kwa jina la mdudu, ambalo injini yake ilikaa nyuma na kupozwa kwa upepo. Golf ilikuja kinyume cha yote hayo. Injini ilikaa mbele, imewekwa kwa upana wa gari, ikapozwa kwa maji. Magurudumu ya mbele ndiyo yaliyovuta. Na kisogo cha gari kilikuwa mlango mmoja mkubwa uliofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Urefu haukufika mita 4, na uzito ulikuwa kiasi cha kilo 800 tu. Mamilioni yaliuzwa, na Afrika Kusini iliendelea kuunda umbo hilo, kwa jina la Citi Golf, mpaka mwaka 2009.

Wepesi huo una gharama yake. Gari la namna hii halina fremu nzito ya chini kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa: mabati membamba, mengi yasiyofika unene wa milimita moja, yamekunjwa na kuungwa hata yakawa masanduku matupu ndani, na masanduku hayo ndiyo yabebayo watu, injini na misukosuko ya njia. Tena, kwa kuwa nyuma pameachwa uwazi mkubwa wa mlango, kazi ya kuizuia bodi isijipinde huviangukia kwa wingi vizingiti viwili vilivyo chini ya milango ya ubavuni. Kizingiti hicho, ambacho mwenye gari hukikanyagia mguu akifunga kamba za kiatu bila kukifikiri, ni uti wa mgongo wa gari lake.

Na kutu hupenda sanduku lililofungwa. Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu huzaliwa; chumvi ikiongezwa kazi hiyo huenda mbio, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matupu. Katika nchi kama Uingereza na Ujerumani chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Magurudumu huirusha chini ya gari, ikaingia pamoja na tope katika pembe zisizooshwa, ikakaa. Wenyeji wa Mombasa, Tanga na Unguja hawahitaji kufundishwa somo hili. Wao chumvi huletewa bure na upepo wa bahari, na mabati ya paa zao ni ushahidi. Kutu huchukua nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo hutanua maungio, huyafungulia njia maji mengine, na hula kutoka ndani kuja nje. Kipele kidogo kionekanacho juu ya rangi si mwanzo wa maradhi. Ni habari iliyochelewa kufika.

Golf hiyo ya kwanza ina mahali pake panapojulikana sana na mafundi: madigadi ya mbele, kitako cha betri, chini ya kioo cha mbele, vichwa vya springi za mbele, vizingiti, mahali ekseli ya nyuma inapofungwa katika bodi, na kingo za mlango wa nyuma. Pamoja na hapo pana hila moja ya kuchekesha. Bomba la kujazia petroli ni la chuma, nalo huoza. Likioza, maji na vumbi la kutu huingia katika tangi na injini huanza kukohoa. Mwenye gari hulaumu kabureta; huifungua, huisafisha, huifunga, na baada ya juma moja huifungua tena, na kosa limelala salama upande wa pili wa gari.

Sasa na atazamwe mpambaji akiwa kazini. Kabla ya kulala chini ya gari hata mara moja amekwisha kununua rimu mpya, vitambaa vya viti na makopo ya rangi. Akikuta kipele hukikwangua kwa msasa, akatokeza tundu. Tundu akiliona kubwa, hulijaza wavu, au magazeti yaliyofinyangwa, au povu lile ligandalo, kisha hukandika puti juu yake, akasugua, akapaka. Chini ya gari hupuliza lami nyeusi nyororo. Picha ikipigwa, hapana awezaye kutofautisha kazi yake na kazi ya miaka mitatu. Lakini puti si bati. Haivutani na bati lililo jirani, haibebi mzigo, na gari likitikisika siku nyingi hupata ufa mwembamba. Maji huingia katika ufa huo, magazeti na povu huyanywa na kuyahifadhi, na kutu iliyokuwa ikila polepole hewani sasa hula gizani, ikilindwa na mtu yule yule aliyejidai kuiua. Siku ya ajali kizingiti kinachopaswa kusimama hukunjika kama boksi la karatasi. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Ila katika jambo hili anayeumbuliwa si lazima awe yule aliyeficha, maana gari huenda limekwisha kuuzwa mara mbili.

Fundi wa kweli huanza kwa kuliharibu gari. Huondoa viti, mazulia na tangi la petroli, kwa kuwa moshi wa petroli na cheche za kuchomelea havipatani katika banda moja. Hupita na nyundo ndogo akigonga kila hatua: bati zima hulia, bati lililooza hujibu kwa sauti ya mbao. Kisha hukata. Hakati penye kutu tu. Hukata mpaka afike kwenye chuma king'aacho, na mara nyingi tundu la ukubwa wa sarafu huishia kuwa refu kama mkono. Kama ni kizingiti, hufunga kwanza vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, maana bodi ikilegea huku kizingiti kimetolewa, mlango hautafunga tena vyema maisha. Hukunja bati jipya la unene unaolingana, akalichomelea pande zote bila kuacha pengo, akirukaruka kutoka mahali hata mahali ili joto lisilipinde. Hapo hupaka rangi ya kwanza, na mwisho hupuliza nta ndani ya lile sanduku na kuzibua vitundu vya kutolea maji, ambavyo kiwanda kiliviweka kwa sababu na wapambaji huviziba kwa lami. Baada ya mwezi mmoja wa kazi hiyo gari huwa baya kuliko siku liliponunuliwa. Jirani akichungulia bandani husikitika. Jirani hana kosa. Naye ameitazama rangi.

Viwanda vyenyewe vilikiri ukweli huu kwa vitendo. Golf ya nne, ya mwaka 1997, ilitoka na bodi iliyokingwa yote kwa zinki, na dhamana ya miaka 12 kwamba kutu haitaitoboa. Chuma kilikingwa kwanza, rangi ikafuata. Mpambaji wa nyumbani amegeuza taratibu hiyo juu chini, na huita kazi yake heshima kwa gari.

Watetezi wake wana hoja. Ya kwanza ni ya fedha, nayo hujibiwa upesi. Husema kwamba kulichomelea gari lote kwa haki hugharimu kuliko bei yake, na hilo aghalabu ni kweli. Mwenye hesabu wa serikali angekubaliana nao: mwaka 2009 Uingereza ilitoa ruzuku ya pauni 2,000, nusu ya serikali na nusu ya viwanda, kwa kila mtu aliyepeleka gari lake la miaka 10 au zaidi likavunjwe ili anunue jipya, na Ujerumani ilitoa euro 2,500 mwaka huo huo kwa magari ya miaka 9 au zaidi. Lakini hoja hiyo humgeukia mtetezi mwenyewe. Dereva wa teksi wa Mombasa au Dar es Salaam akandikaye puti mlangoni ana udhuru: gari ni mkate wa kesho, na fundi hakubali mkopo. Hafanyi vyema, lakini anaeleweka. Huyu wa bandani hana njaa iliyomtuma. Alichagua gari hili kwa mapenzi, na ana lingine jipya mlangoni la kumpeleka kazini. Ikiwa fedha haitoshi kuchomelea vizingiti mwaka huu, gari na lingoje mwaka ujao; limekwisha kungoja miaka 20 chini ya turubali.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, kwa kuwa imekwisha kuwa sheria. Uingereza ilianza mwaka 1960 kuyapima kwa lazima magari makuukuu ya watu binafsi. Katika kipimo hicho, chuma kilichooza mno ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panapofungwa springi, usukani au mikanda ya viti hulikatalisha gari. Na penye kubeba mzigo kiraka cha puti hakipokewi, ila bati lililochomelewa. Kwa kipimo hicho wapambaji wengi waliaibishwa na bisibisi ya mpimaji. Kisha, mwezi wa Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 na ambalo halikubadilishwa sana umbo lake lilisamehewa kipimo cha kila mwaka. Sababu iliyotolewa ni kwamba magari haya hutunzwa vyema na wenyewe na hutembea mara chache. Golf za kwanza zenye paa la chuma, ambazo Ujerumani iliacha kuziunda mwaka 1983, zote zimekwisha kuvuka mpaka huo.

Sababu hiyo ni dhaifu. Mwenye gari apendaye si lazima ajuaye, na aliyekandika puti mwenyewe ndiye wa mwisho kutaka kulichokonoa. Kutembea mara chache nako si tiba: gari lililofungiwa bandani likiwa na tope bichi na chumvi katika vizingiti huoza likiwa limesimama. Ni kweli kwamba sheria bado humdai mwenye gari aliweke katika hali ya usalama, na ni kweli kwamba wako wengi wa haki wapelekao magari yao kupimwa kwa hiari kila mwaka. Hao hawakuhitaji kusamehewa. Waliosamehewa kwa hakika ni wale wengine.

Wala haiwezi kusemwa kwamba kupima ni kuyadharau magari ya kale. Ujerumani, iliyoizaa Golf, tangu mwaka 1997 huyapa magari ya miaka 30 au zaidi namba yenye herufi H, pamoja na nafuu ya kodi, mradi mtaalamu athibitishe kwamba ni mazima na ya asili. Na baada ya heshima hiyo gari huendelea kupimwa kila miaka miwili kama magari mengine. Heshima na bisibisi hukaa pamoja huko, na banda la Mjerumani halikuvunjika kwa sababu hiyo.

Mpaka Uingereza itakaporudisha kipimo, hata kama ni cha kila miaka miwili na cha bodi, breki na usukani peke yake, mnunuzi amebakiwa na vyombo vyake mwenyewe. Na achukue sumaku ndogo, aifunge kitambaa ili isikwaruze, aipitishe juu ya vizingiti, chini ya madigadi, na kando ya kioo cha nyuma. Penye bati sumaku huganda. Penye puti nene huteleza ikaanguka. Kisha aombe picha za gari likiwa limekatwa, kabla ya rangi. Fundi aliyechomelea kwa haki huwa nazo nyingi kupita kiasi, na humlazimisha mgeni kuzitazama zote, hata chai ikapoa.